Kasri la Kamukuzi
Kila tutokapo Nakivale kwenda Mbarara, macho yetu hukitafuta kilima cha Kamukuzi, yalikokuwa makao ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Gasyonga II alitawala tangu mwaka 1944 hadi 1967, serikali ya Obote ilipozifuta falme. Kuanzia 1993 Buganda na nyingine zilirejeshwa, Ankole haikurejeshwa.

Tumesikia ikisemwa kwamba mfalme alihama. Sisi tuliovuka mto Kagera pale Kikagate, funguo za nyumba zetu zingali mfukoni, twasema alihamishwa. Kiambishi -ish- humleta mtendaji. -W- huruhusu jina lake lifichwe. Wazee wetu hapa Nakivale nao husema, “Tulihama.” Hao hatujawasahihisha.