Safari ya Kampala na Binti Yangu

Wazazi wenzangu wa hapa Nakivale, nataka kuwaelezea safari niliyofanya na binti yangu wa kwanza, mwenye miaka 16, tulipokwenda Kampala kwa ajili ya presha yangu.

Toka Mbarara mpaka Kampala ni karibu kilomita 270. Mimi ilikuwa mara yangu ya pili tangu tukimbie, yeye ya kwanza. Lakini yeye ndiye alikuwa mzazi na mimi mtoto. Kondakta anasema Kinyankole, binti anajibu. Mwenye bodaboda anasema Kiganda, binti anakata bei. Mimi niko tu nyuma na bahasha ya makaratasi kwapani. Siwafichi, nilijivuna sana. Karibu na Sanga tuliona punda milia wanakula majani pamoja na ng'ombe wa pembe ndefu, akacheka hadi abiria wakatugeukia. Kayabwe, pale mstari wa Ikweta unapokata barabara, wageni walikuwa wanapiga picha. Nikamwambia: "Mama, mstari huu huu unapita kwetu, kati ya Lubero na Butembo. Nimeuvuka mara nyingi na magunia ya viazi." Akaniangalia kama ninatunga hadithi. Kwetu tulitoka akiwa bado anabebwa mgongoni.

Hospitalini daktari aliongea Kiingereza muda mrefu, huku akichora kwenye karatasi. Binti akanitafsiria: "Papa, anasema umeze dawa kila siku, upunguze chumvi. Utapona." Nikashangaa maneno mengi vile kuwa machache hivi. Nikafikiri Kiingereza njo kiko vile.

Kesho yake tukarudi. Pale Lukaya, mnapafahamu, wauzaji walikimbilia madirisha ya basi na vijiti vya nyama, kuku na gonja. Nikanunua kijiti kimoja, nikaomba chumvi, nikafungiwa kwenye kipande cha gazeti. Binti yangu akaninyang'anya ile chumvi akaitupa nje. Mbele ya watu! Nikainua mkono. Hapo akaanza kulia.

"Papa, figo zako zimeanza kuharibika. Daktari alisema ukiendelea na chumvi na kuruka dawa, utafika kwenye mashine. Alisema turudi baada ya mwezi mmoja kupima damu."

Hata ile ya kurudi alikuwa ameificha. Kwa nini? Aliniona nikihesabu feza ya basi usiku.

Mpaka Masaka nilikuwa na hasira naye. Baada ya Masaka hasira ikanirudia mwenyewe. Kwetu habari mbaya hapewi mtoto. Inapita kwa baba mkubwa au shangazi, na wao wanachagua saa na maneno. Hapa tunamtwika mtoto wa shule kwa sababu anajua lugha, halafu tunamsifu kwamba ni mwerevu. Usiku mzima alilala na ugonjwa wangu kichwani, peke yake.

Najua wengine mtasema hakuna mtu mwingine. Mimi pia nilisema hivyo, na sikuwa nimeuliza hata nyumba ya tatu. Kuna watu wazima hapa wanaojua Kiingereza. Na ukifika hospitali, kabla daktari hajaanza, uliza kama kuna mfanyakazi anayesikia Kiswahili. Kuuliza hakulipiwi.

Mwezi uliofuata nilikwenda na jirani yetu, mama mmoja Mrundi aliyesoma Kampala. Njia nzima tulibishana juu ya bei ya maharagwe. Kwa daktari aliniambia yote, hata yale nisiyoyapenda, na mengine nikamwomba ayarudie mara mbili. Nauli ilikuwa ya mkopo, bado nailipa.

Binti alibaki shuleni, siku ile walikuwa na mtihani wa hesabu. Jioni akaniuliza daktari alisema nini. Nikamketisha kwenye mkeka, nikamweleza mimi mwenyewe.