Silaha ya Pili: Kutoka Kolo hadi Rungwa

Mtu anayeingia pori la mbali na bunduki begani, je, afunge na bastola kiunoni? Wawindaji wa mataifa hubishana juu ya jambo hili kwa joto, na kila mmoja ana kisa chake. Mimi nilitaka kusikia uwanda wa kati wa Tanzania unasemaje, kuanzia Kondoa, kupitia bonde la Yaeda, hadi Manyoni na mapori ya Rungwa. Huku watu wamewinda kwa upinde, kwa mkuki, kwa gobole na kwa bunduki za kisasa, na kila silaha imekuja na namna yake ya kuogopa.

Nianze na Dodoma mjini, kwa sababu ndiko sheria zinakotungwa siku hizi. Sheria ya silaha na risasi ya 2015 imeweka umiliki wa silaha chini ya polisi, na mjini bastola ni ya mtu kujikinga na mtu mwenzake: mfanyabiashara anayetembea na fedha, mlinzi wa kiongozi. Porini mambo ni mengine. Mgeni anayekuja kuwinda Tanzania haji na bastola, haruhusiwi. Haruhusiwi kuwinda kwa silaha inayojikoki yenyewe, wala usiku, wala akiwa juu ya gari. Kwa nyati, simba na tembo, bunduki yake lazima iwe na kipenyo kisichopungua .375, yaani milimita 9.5. Kwa hiyo kisheria swali limekwisha kujibiwa. Lakini nilitaka kujua kama jibu hilo lina akili ndani yake, au ni karatasi tu ya ofisini.

Hesabu zinasema lina akili. Risasi ya bastola ya milimita 9 hutoka mtutuni na nguvu ya jouli 500 hivi. Ile ya .44 Magnum, ambayo wapenda bastola huitaja kwa heshima, hufika 1,600 hivi. Ya .375 H&H hukaribia 5,800, na hata hiyo, nyati dume aliyekwisha kukasirika anaweza kuipokea ubavuni na kuendelea kuja. Nyati huyo anaweza kuwa na kilo 800, na paji lake limefunikwa na mapembe yaliyokutana kama chapeo. Anayesema atamsimamisha kwa bastola hajamwona akitoka kichakani.

Waliozoea bastola porini ni watu wa Alaska, na hoja yao haipaswi kudharauliwa. Kule adui ni dubu, na mtu mara nyingi yuko peke yake mtoni akivua samaki, mikono yote miwili ina kazi, bunduki ndefu ameiegemeza kwenye jiwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipitia matukio 269 ya watu wenye silaha waliokutana na dubu huko. Bastola zilimzuia dubu kwa asilimia 84, bunduki ndefu kwa asilimia 76. Mpenda bastola atasimama hapo na kushangilia. Lakini watafiti wale wale walikuta kwamba waliofyatua silaha na wasiofyatua waliumia kwa kiwango kile kile, na miaka minne kabla ya hapo walikuwa wamechapisha kwamba dawa ya pilipili ya kupuliza ilimzuia dubu wa kahawia kwa asilimia 92. Somo ninalolichukua mimi Alaska ni kwamba kila nchi ina mnyama wake na namna yake ya kutembea. Huku kwetu ni nadra mtu kumkabili mnyama mkubwa peke yake. Hilo ndilo lililonikaa kichwani njia nzima.

Kolo, Kondoa. Michoro ya miambani ya huku iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa akiinakili mwaka 1951, na wengi tunaijua kwa sababu ya mikono yake. Kuna twiga, kuna pofu, kuna tembo, na kuna watu wembamba warefu, wengine na pinde. Katika mapango niliyoonyeshwa, nilitafuta mtu aliyebeba silaha mbili. Nilichokiona ni watu wawili, watatu, wanne, wakiwa pamoja.

Kusini-magharibi mwa hapo ni kwa Wasandawe, upande wa Farkwa na Kwa Mtoro. Wengi leo ni wakulima na wafugaji, na kuwinda bila leseni ni kosa, hivyo mazungumzo juu ya uwindaji huenda taratibu na kwa wazee tu. Nimeyaacha yakae huko huko.

Kwa Wahadzabe wa Yaeda nilikaa kwa maelezo zaidi, na hapa daftari langu limejaa. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya sehemu ya ardhi yao, jambo ambalo jamii ndogo kama hii, ya watu elfu moja na mia kadhaa, ilikuwa imelihitaji muda mrefu. Mwanaume anatoka na upinde, mishale ameishika mkononi, kisu kiunoni, na mara nyingi kishoka. Ukimwuliza kisu ni cha nini, ni cha kuchuna na kuchonga. Kishoka ni cha asali. Hakuna chombo hata kimoja hapo kilichobebwa ili kimwokoe mnyama akimgeukia.

Kwa nini? Kwa sababu ya sumu, na kwa sababu ya saa. Mishale ya wanyama wakubwa hupakwa sumu inayotoka kwenye utomvu wa mmea wa Adenium, ambayo wao huiita panjube, au kwenye mbegu za Strophanthus, iitwayo shanjo. Sumu hizi hushambulia moyo wa mnyama, lakini haziui papo hapo. Basi mwindaji akishampiga, hamfuati. Anaangalia mnyama ameelekea wapi, anaziweka nyayo kichwani, anarudi kambini. Kesho yake anakwenda na wenzake kumfuata. Hatari kubwa ya uwindaji ni ile nusu saa ya kwanza baada ya mnyama kujeruhiwa, na Mhadzabe nusu saa hiyo haitumii porini. Yuko kwa moto wake. Sijapata kusikia ushauri bora kuliko huo kwa mtu mwenye bunduki.

Majirani zao Wabarbaig wana njia iliyo kinyume kabisa. Kwao kumwua simba au tembo kwa mkuki kulikuwa heshima ya kijana, na heshima hiyo ilipatikana kwa kusogea karibu. Lakini hata hapo, nyuma ya mkuki wa kwanza palikuwa na mikuki ya wenzake. Silaha ya pili ilikuwepo, ila mkononi mwa mtu wa pili.

Ugogo yenyewe imeacha kisa kinachofaa kukumbukwa. Mwishoni mwa 1860 mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke alikuwa akiivuka nchi hii kuelekea Ziwa Nyanza. Usiku mmoja alitoka kuwavizia faru, pamoja na mwongozaji na vijana wawili wa Sheikh Said, mkuu wa msafara wake, kila kijana amebeba bunduki moja. Faru wakaja. Speke akanyemelea, akafyatua. Alipogeuka kuipokea bunduki ya pili, vijana walikuwa wakipanda mti. Bahati yake, faru naye alibadili nia, akageuka na kwenda zake. Speke ameyaandika haya kwa kuwacheka vijana. Mimi siwacheki. Mtu aliyebebeshwa bunduki ya mwingine, kwa vita isiyo yake, usiku, mbele ya faru aliyejeruhiwa, mti ndiyo busara yake. Kisa hiki kinaonyesha kwamba silaha ya pili inatoka wapi ni jambo dogo. Kubwa ni kama yule aliyeishika ana sababu ya kusimama. Tangu Speke mpaka leo sijaona swali lililo zito zaidi ya hilo katika mambo haya.

Kutoka Dodoma unapita Bahi, unapanda ukingo wa bonde la ufa kuingia Manyoni, kisha Itigi, ambako njia inakata kusini kwenda Rungwa na kushuka hadi Chunya. Vichaka vya Itigi ni vya aina yake: matawi yamesokotana toka chini, huoni hatua kumi mbele, na ukisikia kitu kinapumua, kipo karibu kuliko ulivyodhani. Mbele yake ni miombo ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, mapori ya akiba yanayopakana na Hifadhi ya Ruaha, chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Msimu hufunguliwa Julai 1. Nyati, palahala, korongo, tandala, simba, chui.

Itigi nilizungumza na mzee mmoja aliyefanya kazi ya kusoma nyayo kwenye vitalu vya uwindaji kwa miaka mingi. Nilimwamkia, akaitikia, tukakaa. Nikamwuliza juu ya bastola.

"Ya kumpiga nani, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamweleza: nyati akikufikia, akakuangusha, bunduki ndefu haigeuki tena, ila bastola unaweza kuibandika shingoni mwake. Ndiyo hoja nzito ya upande wa pili, na ina ukweli. Chui akishakukumbatia, mtutu mrefu ni kuni tu. Mwaka 1896 Carl Akeley, mkusanyaji wa wanyama wa makumbusho, aliviringishana na chui huko Usomali na kumwua kwa mikono. Mtu kama huyo angeipokea bastola kwa shukrani.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipanga mstari kwa vijiti mchangani. Wa kwanza ni msoma nyayo, macho chini, mkononi fimbo. Nyuma yake mwindaji bingwa, macho mbele. Kisha mgeni, kisha bunduki ya akiba, na askari wa wanyamapori. "Mitutu yote iko mgongoni mwangu," akasema. "Mgeni akiogopa akachomoa hiyo yako, wa kwanza kuipata ni mimi."

Hapo ndipo hoja ya bastola ilipovunjika kwangu, na sijaona namna ya kuiunga tena. Bunduki ndefu ina adabu yake: mtutu unaonekana, kila mtu anajua umeelekea wapi, na inahitaji bega na mikono miwili kuifyatua. Bastola iliyochomolewa kwa hofu ndani ya vichaka vya Itigi inaelekea popote mkono ulipotetemeka. Mwenye kuibeba anajipunguzia woga wake na kuuhamishia kwa mtu aliyemtangulia, ambaye hana hata kisu kirefu.

Akaniambia pia la kukaa chini. Nyati akishajeruhiwa, hawamfuati upesi. Wanakaa. Mgeni anahangaika, anataka kukimbilia mawindo yake, na wao wanamsihi, subiri bwana, acha damu ifanye kazi. Ni nusu saa ile ile ya Yaeda, imefika Itigi bila mtu kuibeba.

Yapo na mambo ya kawaida ambayo hayana ubishi. Bastola kubwa na risasi zake ni kilo moja na zaidi, na uwanda huu hupata milimita 500 hadi 600 tu za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili. Msimu wa kuwinda ni msimu wa visima vikavu. Kilo moja ni lita moja ya maji, na kiu huku inamkuta mtu mara nyingi kuliko nyati. Kifutu naye, nyoka anayelala njiani bila kujificha, dawa yake ni buti nzito, kuangalia unapokanyaga, na gari lenye mafuta la kukufikisha Hospitali ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi. Kumfyatulia nyoka risasi kwenye mawe ni kuitafuta hospitali hiyo kwa njia fupi.

Wanaobaki ni wale wanaosema bastola si ya wanyama bali ya majangili. Hawa nawajibu kwa uzito, maana majangili wapo na wameua. Januari 2016 rubani Mwingereza, Roger Gower, alipigwa risasi na majangili wa tembo akiwa angani kwenye helikopta, katika pori la Maswa. Bastola ingemfaa nini? Anayekutana na kundi lenye bunduki za kivita aondoke, akatoe taarifa. Na bastola ikidondoka katika vichaka vile, haitabaki pale. Ataiokota mtu, na tutaisikia tena katika uporaji wa duka la Manyoni au wa basi la usiku.

Nilirudi kwa njia ya Bahi, na hapo nilikutana na watu wanaolala porini bila kuwa wawindaji. Miaka ya karibuni tembo wameingia mashamba ya Manyoni, Bahi na Chamwino, na wenye uwele na mtama hulala shambani kuulinda. Ndivyo wanavyoliwa watu na simba pia: utafiti wa 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu 1990, na mashambulizi yalizidi majira ya mavuno, watu walipolala mashambani kuwazuia nguruwe mwitu. Silaha ya kwanza ya mlinzi wa shamba ni debe la kugonga. Ya pili ni tochi. Wengine huchoma pilipili iliyochanganywa na kinyesi, na inasaidia. Kanuni za 2011 zilipanga kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa.

Mama mmoja wa Bahi aliniambia wanalala wanne kwa zamu, nyumba nne zimeunganisha mashamba ya mpakani, na tembo wakija wote wanapiga kelele upande mmoja ili kuwaachia njia ya kutokea. Walijifunza hivyo baada ya msimu ambao kila nyumba ililinda kivyake. Nilimwuliza wangependa kupewa nini kwanza, nikidhani atasema bunduki. Akasema simu ya askari wa wanyamapori inayopokelewa usiku, na gari la kumleta.