Mtu wa Nguo Nyeupe

Ninacho kitabu cha picha kilichochakaa, nilichopewa na mwalimu wangu wa Kifaransa hapa Uvira. Mna picha moja humo ambayo ilinisumbua miaka mingi. Aliichora Watteau wa Ufaransa karibu na mwaka 1719, miaka miwili kabla ya kufa kwake. Yenyewe iko Paris, katika jumba la Louvre, na kimo chake chapata sentimita 185, kama mtu mzima.

Aliyechorwa ni mchezaji, amevaa mavazi ya Pierrot. Katika michezo ya Waitalia iliyopendwa Paris siku zile, Pierrot alikuwa mtumishi mjinga, wa kudanganywa na kuchekwa. Nguo zake ni nyeupe tupu. Mikono ya koti ni mirefu hata imejikunja, lakini suruali ni fupi, vifundo vya miguu vyaonekana. Chini, nyuma yake, wenzake wako pamoja na punda. Yeye amesimama peke yake, mikono imening'inia, anatutazama.

Zamani nilisema: huyu ni mjinga, basi tucheke. Walakini kila nilipomtazama nilikosa raha, na sababu niliijua. Tulipokuwa wanafunzi tulicheza mchezo wa Noeli. Rafiki yangu alikuwa mchungaji, akavishwa kanzu ya kuazima, ndefu kupita kiasi. Akajikwaa, akasahau maneno yake. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, daftari ya maneno mkononi, kazi yangu kumnong'oneza. Sikumnong'oneza, nilicheka kuliko wote. Naye akasimama vivyo hivyo, mikono chini.

Mwaka jana nilimpelekea kitabu huko Kalundu, anakouza ndagala.

“Ndugu, waonaje picha hii?”

Akaitazama kitambo. “Huyu anangoja wamalize kucheka,” akasema.

Hapo nikamwomba radhi, nywele zetu zikiwa zimeingia mvi. Akanipimia ndagala, akaongeza kidogo juu.

Wataalamu hubishana juu ya picha ile. Wengine hudhani ilikuwa kibao cha mkahawa wa mchezaji aliyeacha jukwaa. Mimi nimeshika maneno ya muuza ndagala, maana yeye amepata kusimama pale.

Nawe msomaji, ukimwona mwenzio amesimama hivyo mbele za watu, na maneno unayo, mnong'oneze.