Kutoka Mji wa Kale hadi Mikindani: Uchafu Wetu Huenda Wapi?

Jumamosi iliyopita tulifunga safari, kina mama wanne na watoto wetu saba, kutoka Mji wa Kale wa Mombasa kwenda Mikindani kumtazama mzazi. Kabla ya kuondoka, watoto waliomba kuteremka pwani, nasi tukawaridhia. Bahari ilikuwa imekupwa. Chini ya ukuta tuliona bomba likimwaga maji ya kijivu yenye povu. Mtoto wa miaka sita akauliza, "Mama, bomba hili latoka nyumba ya nani?" Tulitazamana. Povu lile lilikuwa la sabuni, na sisi tulikuwa tumefua asubuhi ile.

Uchafuzi wa maji huanza na jambo dogo kama hilo. Majumba mengi ya kisiwa chetu hayana njia ya kupeleka majitaka mahali pa kusafishwa, hivyo huishia mashimoni au baharini. Maji ya vyoo hubeba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Tena yakizidi, huotesha mwani kwa wingi mpaka hewa ikawapungukia samaki majini.

Tulipopanda matatu, tulikutana na uchafuzi wa aina nyingine. Barabara ya Makupa ilijaa malori ya bandarini, na moshi mweusi wa dizeli ukaingia madirishani. Mtoto wetu mmoja mwenye pumu alifunikwa uso kwa mtandio wa mamaye. Honi nazo hazikunyamaza. Kelele pia ni uchafuzi, ijapokuwa haionekani: huharibu masikio, huzuia usingizi na kupandisha shinikizo la damu.

Hapo Makupa palikuwa na tuta la mawe na udongo lililojengwa zama za ukoloni, likazuia maji kupita kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi wa pili. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2022, maji yalipata tena njia chini yake. Mbele kidogo ni Kibarani. Wenye umri wetu wanapakumbuka: jaa kubwa ukingoni mwa bahari, taka zikiungua usiku na mchana. Leo pamefunikwa udongo na kupandwa miti. Lakini taka za mji hazikutoweka. Sasa hupelekwa Mwakirunge, kwenye makazi ya watu wengine.

Mikindani tulimpongeza mzazi, tukamwombea yeye na mwanawe. Mazungumzo yakafika kwenye kijiji jirani cha Owino Uhuru. Huko palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Vumbi na moshi wake vilitua juu ya mabati, mvua ikaviteremsha kwenye madumu ya maji na udongo wanaochezea watoto. Risasi haina harufu wala ladha majini, na mwili wa mtoto huifyonza kuliko wa mtu mzima, ikaudhuru ubongo wake. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu hiyo mwilini. Akasimama na wanakijiji. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliamua kuwa haki za wakazi zilikiukwa. Mzazi wetu alimkumbatia mwanawe akanyamaza.

Jioni tulirudi kwa njia ya Tudor. Penye mikoko, mahali pa kulelea samaki na kamba, mizizi ilikuwa imevikwa chupa za plastiki na nepi za kutupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, lakini hivyo vingine vimebaki. Mmoja wetu akasema kwa sauti ya chini, "Nepi za mwanangu nilikuwa nikimpa kijana wa mkokoteni kwa shilingi hamsini. Sikuwahi kumuuliza azipeleka wapi." Hakuna aliyemlaumu. Hata sisi hatukuwahi kuuliza.

Tangu utotoni tumefundishwa chuoni kuwa usafi ni katika imani, na nyumba zetu zang'ara. Tatizo ni kwamba tumeuhesabu usafi hadi kizingitini tu. Kwa hivyo tumekubaliana mambo matatu. Nepi za vitambaa zitarudi mchana, za kutupa zibaki za safari. Maganda na makombo yatatengwa, yapewe mbuzi wa jirani. Na kijana wa mkokoteni ataulizwa anakokwenda kabla ya kulipwa.

Kuhusu bomba, tulimwendea mwenye nyumba. Alisema liko hivyo tangu enzi za babake. Tumeafikiana kuchanga, wapangaji na yeye, tuchimbe shimo la kufaa. Mtoto yule bado anauliza kila siku kama tumeanza.