Pipi za Mwaka wa Msako

Watu wa rika langu wakikutana, nusu saa haipiti kabla hawajaanza kusifia pipi. Watasifia gubiti, watasifia lambalamba, watamalizia na Big G, na kila mmoja ataapa kwamba vya siku hizi havina ladha. Mimi nilikuwepo. Nilikulia Ilala, na kila kitamu kilichouzwa kwa sarafu nilikila kilipofikika, tangu wakati wa vita vya Kagera mpaka Mzee Mwinyi alipofungua milango. Vingine vilikuwa vitamu kweli. Vingine tulivipenda kwa sababu havikuwepo, na hivyo ndivyo vinavyosifiwa zaidi.

Kwanza mfuko. Sarafu zetu zilikuwa na Mwalimu Nyerere upande mmoja na mnyama upande wa pili. Senti tano ilikuwa na samaki, na thamani yake ilikuwa mbioni kwisha. Senti kumi, tuliyoiita peni, ilikuwa na pundamilia. Senti ishirini ilikuwa na mbuni, na sumni ilikuwa na sungura. Shilingi yenye mkono ulioshika mwenge haikuwa fedha ya mtoto. Ukiwa nayo mkononi, mtu mzima yeyote wa mtaa alikuwa na haki ya kukuuliza umetumwa wapi. Uchumi wetu ulikuwa wa pundamilia na sungura.

Sukari yenyewe ilikuwa ya mgawo. Kilombero, Mtibwa na TPC kule Moshi vilikuwepo, lakini vita vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na fedha za kigeni za kununulia vipuri hazikuonekana. Jina la baba likaandikwa kwa balozi wa nyumba kumi, mama akapanga foleni duka la ushirika, na kilichopatikana kikafungiwa kabatini. Kuna nyumba zilikunywa chai kwa tende. Kwa hiyo pipi kwetu ilikuwa ni sukari ambayo mtu mwingine aliamua kuiuza badala ya kuitia kwenye chai ya wanawe.

Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, aliuza kashata barazani kwake. Nilipenda kukaa jikoni mwake kuliko kwetu, na alinivumilia kwa kuwa nilijua kukuna nazi. Alichemsha sukari na maji mpaka ivute uzi, akatia nazi, iliki na rangi kidogo ya waridi, akakoroga haraka, kisha akamimina kwenye sinia lililopakwa mafuta na kukata kwa msharazi kabla haijaganda. Mabaki ya kwenye sufuria yalikuwa ujira wangu. Sukari ilipokosekana alitumia sukari guru, na wateja walinung'unika: kashata ilitoka ya kahawia, laini, yenye kung'ang'ania menoni. Wao walitaka ya waridi, inayovunjika ka! Mimi nasema mpaka leo kwamba ya sukari guru ndiyo ilikuwa kashata. Ilikuwa na uchungu kwa mbali, kama wa kitu kilichotaka kuungua kikaponea, na uchungu huo uliiacha nazi isikike. Ya waridi ilikuwa sukari tupu. Dhiki ilitupa kashata bora na hatukuijua, tukaisubiri ile mbaya irudi.

Sasa mwaka 1983. Mwezi Machi, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mbele, ulianza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Watoto tulielewa nusu yake. Tulisikia majina redioni, tuliona watu wazima wakinong'ona, na tuliona mabati ya maduka yakifungwa mchana. Tuliloelewa vizuri ni kwamba usiku vitu vilianza kutupwa. Mwenye sabuni nyingi bila stakabadhi aliziogopa, mwenye vitenge akavikimbia. Mali iliyokuwa imefichwa chini ya kitanda kwa miezi ikalala mtaroni, na asubuhi hakuna aliyekuwa mwenyewe.

Asubuhi moja, njiani kwenda shule, tulikuta maboksi mawili mtaroni, yamelowa na kupasuka, na ndani pipi. Pipi za mnanaa, zimefungwa karatasi ya kijani na nyeupe. Zaidi ya mwaka mzima hatukuwa tumeona pipi ya kufungwa karatasi. Tulisimama. Hata yule mwenzetu aliyekuwa mwepesi wa kuokota kila kitu alisimama. Mzee mmoja aliyekuwa akipiga mswaki kibarazani alitupigia kelele: "Nyie watoto, msishike! Mtaambiwa ni zenu!" Hapo ndipo tulipoinama. Nilijaza mfuko wa kaptula, soksi, na boksi la vifaa vya jometri.

Darasani siku hiyo palinuka mnanaa. Mwalimu aliona mashavu yamevimba, akatazama dirishani, akaendelea na ubao. Nadhani na yeye alipita njia ile ile.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama aliukuta mfuko.

"Umezipata wapi?"

"Mtaroni, mama."

"Cha mtaroni kina mwenyewe, na mwenyewe anatafutwa."

Akazimwaga chooni zote, na karatasi zake akazichoma jikoni. Moja tu ilisalimika, ilikuwa mdomoni. Basi niikadirie kwa haki, maana hadithi hii nimeishaisimulia harusini na misibani na kila mara pipi inazidi kuwa tamu. Ilikuwa imelowa maji ya mtaro, ilikuwa na mchanga, na ilinuka mafuta ya taa, bila shaka ililala karibu na dumu. Mnanaa wake ulikuwa wa dawa ya meno. Leo nisingempa mtoto hata mwenye kikohozi. Lakini niliiweka shavuni mpaka ikawa kijiwe chembamba cha kukata ulimi, na damu ilipotoka niliimeza pamoja nayo.

Barafu sitaipigia debe. Mtaani kwetu friji zilikuwa za kuhesabika, na mwenye friji aligandisha maji ya ukwaju au ya rangi kwenye vimfuko vya nailoni akauza mlangoni. Umeme ukikatika, biashara ikayeyuka. Ukinyonya, rangi na utamu vilitoka mwanzo, ukabaki na donge jeupe la maji ya bomba. Robo ya kwanza ilikuwa burudani na iliyobaki ilikuwa kazi. Lambalamba ya mwenye baiskeli ilikuwa maji yale yale, ila ilikuwa na kijiti.

Karanga za kubanika zilikuwa na faida ya ziada: karatasi. Zilifungwa kwa magazeti ya zamani yaliyosokotwa mfano wa pia, na mara nyingine ulimpata Chakubanga, yule wa katuni za Christian Gregory katika gazeti la *Uhuru*, amekatwa kiunoni. Tulikula karanga huku tukibishana Chakubanga alikuwa amesema nini kwenye nusu iliyokwenda kwa mteja mwingine. *Sani*, jarida la katuni, lilikuwa jambo kubwa zaidi. Lilianzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Kipepe, Pimbi, Lodi Lofa na Madenge. Hakuna mtoto niliyemjua aliyelinunua. Lilinunuliwa na kaka mmoja mwenye kazi bandarini, likapita kwa wadogo zake, likafika kwetu bila jalada, na likimalizia safari yake lilikuwa limeshafunga karanga. Juzi nilipata nakala kadhaa za zamani nikazisoma usiku mmoja. Michoro bado inanichekesha. Mkono wa mchoraji wake, marehemu Philip Ndunguru, ulijua mtu mwongo anavyosimama. Utani mwingine unanikera, hasa wa kuwacheka wanawake, na sikumbuki kama ulinikera wakati ule. Riwaya za Elvis Musiba ni kinyume chake. *Kufa na Kupona* nilikisoma kwa tochi nikiwa darasa la sita, nikakisoma tena nikiwa na mvi, na shujaa wake, Willy Gamba, bado anakimbia kwa kasi ile ile.

Kulikuwa na utamu usioliwa pia. Redio ilikuwa bure ukiwa na betri. Pwagu na Pwaguzi wakikaribia hewani na betri zimechoka, zilianikwa juani mchana kutwa juu ya bati, na kwa kawaida zilitoa roho kabla Pwagu hajamaliza kisa. Miisho mingi ya michezo ile nimeisikia shuleni kesho yake, kila mtu na toleo lake.

Sinema ilihitaji mipango. Empire, Avalon, Odeon na New Chox zilikuwa mjini, mwendo wa kutosha kwa miguu, na shilingi za tiketi zilichangwa wiki nyingi. *Disco Dancer* ilipofika Dar, vijana wa mtaa walianza kutembea kama Mithun Chakraborty, na fundi cherehani mmoja wa Buguruni alishona suruali za namna ile mpaka akaishiwa kitambaa. Mimi niliingia mara moja tu. Asilimia kubwa ya filamu nilizodai kuziona nilisimuliwa nje ya mlango na waliotoka. Na nikiri upendeleo: wasimulizi wa Ilala waliongeza mapigano, wakapunguza nyimbo. Miaka mingi baadaye niliiona *Sholay* yote kwa utulivu na nikaona toleo la rafiki yangu lilikuwa fupi na kali zaidi. Drive-in ya Msasani tulikuwa tunaisikia tu, ilikuwa ya wenye magari. Leo pale ni ubalozi wa Marekani.

Kisha milango ikafunguliwa. Mpaka wa Kenya, uliofungwa 1977, ulifunguliwa tena Novemba 1983. Bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za nje waingize bidhaa, na 1985 akaja Mzee Mwinyi, tuliyemwita Mzee Ruksa. Big G, ambayo awali ilikuja kwa magendo na ikatafunwa kwa zamu na watu wawili, sasa ilijaa vibandani. Nilinunua kwa fedha yangu mwenyewe, nikafungua karatasi, nikatafuna nzima peke yangu. Utamu ulikaa muda wa kutoka kibandani mpaka kona. Baada ya hapo ilikuwa mpira. Nilitafuna mpaka taya zikauma nikingojea kile nilichokuwa nakijua zamani, nikapuliza puto moja, likanipasukia usoni. Nilikuwa na kumi na tatu au kumi na nne, na nilikasirika kama mtu aliyedhulumiwa.

Nimeuacha ubuyu kwa makusudi, maana ndio pekee ninaoupa alama zote. Enzi zile ulikuwa wa aina mbili: mweupe mkavu kama ulivyotoka kwenye buyu, na mwekundu uliopikwa kwa sukari, iliki, chumvi na pilipili. Mwekundu uliacha ushahidi midomoni, kwa hiyo haukufaa siku za kufunga. Mweupe ulikuwa mchachu wa kufumba macho, haukutaka sukari ya mtu yeyote, na punje moja ilikaa mdomoni kipindi kizima cha hesabu. Mgawo haukuugusa. Msako haukuugusa. Hakuna aliyewahi kuutupa usiku.

Mwaka huu dada yangu alinichukua Kariakoo. Ubuyu sasa uko kwenye makopo ya plastiki yenye picha, kuna wa maziwa, kuna wa chokoleti, na wote una sukari ya kutosha kumsumbua daktari wangu. Nikamuuliza binti muuzaji kama anao mweupe usiotiwa kitu.

"Upo, baba. Lakini ule ni wa juisi, watu hawali hivyo."

"Nipimie robo."

"Uroho wa uzeeni," dada akasema. Tulipofika kituo cha daladala alikuwa ameumaliza nusu, na alikuwa akilalamika kwamba haukuchacha vya kutosha.