Camry mpya ya Kentucky mbele ya mafundi wa Buleusa

Lexington, mji ninaoishi katika jimbo la Kentucky, uko kilomita kama 20 kutoka Georgetown, ambako Toyota imekuwa ikiunda Camry tangu 1988. Huku gari hilo lina wenyewe. Wapo wanaolipwa mshahara kwa kulifunga boliti, wapo waliolirithi kwa baba zao, na sisi Wakongo tuliofikia hapa kama wakimbizi, wengi wetu tulijifunzia usukani ndani ya Camry kuukuu iliyonunuliwa kwa mchango. Toyota ilipoonyesha Camry ya kizazi cha tisa mnamo Novemba 2023, ile iliyoanza kuuzwa kama toleo la 2025, mabishano yalianza siku ile ile na hadi leo hayajapoa.

Nimeyafuatilia kwa mapenzi, maana na mimi ni mgonjwa wa magari tangu utotoni. Kilio kikubwa ni cha injini. Camry iliyotangulia ilikuwa na toleo la V6 lenye nguvu za farasi 301. Hiyo haipo tena. Sasa zote ni haibridi: injini ya lita 2.5 yenye silinda nne ikisaidiana na mota za umeme, jumla farasi 225, au 232 kwa anayetaka magurudumu yote manne yavute. Wapenzi wa V6 wanaona wamefiwa. Wanasema ukikanyaga mafuta kupanda kilima injini inanguruma kwa sauti moja, na ule mdundo wa gia zikibadilika hausikiki. Wengine wameshikilia pua: taa zimekaa kama za Prius na mdomo wa chini umepanuka. Wenye jicho kali wanatazama milango na paa, wanaona sura ya toleo lililopita, na wanauliza kama kweli hiki ni kizazi kipya au ni ukarabati mkubwa.

Upande wa pili wapo wanaoshukuru. Toleo la chini linakwenda zaidi ya kilomita 21 kwa lita moja, bei ilianzia dola 28,400, na kiti cha nyuma kinapokea watoto watatu na mikoba yao. Mwaka 2024 Wamarekani walinunua Camry zaidi ya 300,000, na hapo Ford ilikwisha kuachana na Fusion tangu 2020, na Chevrolet ikafunga Malibu Novemba ya mwaka huo huo wa 2024. Sedani za familia zinapungua, ndiyo maana zilizobaki zinapiganiwa hivi.

Ni mabishano mazuri, ya watu wanaojua wanachosema. Lakini yote yamesimama juu ya lami. Sijamsikia hata mmoja akiitaja barabara, kwa sababu huku barabara ilikuwepo kabla ya gari, na yule anayeitengeneza hajulikani kwa jina wala hahitaji kujulikana. Mtu anauliza gari litamfurahishaje yeye, kwa miaka mitano au sita, kisha atalirudisha dukani achukue jingine.

Mimi nimetoka Buleusa. Kwa asiyepajua, ni kijiji katika grupma ya Ikobo, teritwari ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, upande wa kupakana na Lubero: milima, misitu, mvua ya mara kwa mara. Kwetu barabara ndiyo inayochagua gari. Sedani haifiki. Inayofika ni moto, yaani pikipiki, na pale njia inapokubali, Land Cruiser iliyojaa hadi juu ya paa. Mafuta unayapata kwa chupa, kwa wale wauzaji tunaowaita Kadafi, na bei inapanda kadiri tope linavyozidi huko nyuma.

Wapenzi wa magari tunao, tena wakali. Tofauti ni kwamba karibu hakuna mwenye gari. Maoni ya gari kwetu ni mali ya wanaolisukuma. Gari likizama, abiria wote wanashuka, mizigo inateremshwa, vijana wanakata matawi na kuyatupa chini ya magurudumu, konvoyeri, msaidizi wa dereva, anapiga kelele, na hapo kila mtu anakuwa mwalimu: springi za nyuma zimechoka, dereva amechelewa kushuka gia, hii ingekuwa inavuta kwa magurudumu mawili tu tungelala hapa. Mama mwenye kikapu cha mihogo anatoa hukumu juu ya injini na dereva anamsikiliza, kwa sababu mama huyo amepita kwenye shimo lile na magari mengi kuliko yeye.

Gari ambalo kila mtu analisifu ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, umbo lililoanza 1984, hasa yenye injini ya 1HZ iliyotoka 1990: lita 4.2, dizeli, silinda sita, pampu ya mafuta ya kimekanika, bila kompyuta ya kuamrisha injini. Nguvu zake hazifiki farasi 140. Mpenzi wa V6 wa hapa Kentucky angeicheka namba hiyo. Kwetu haitajwi kabisa. Kinachotajwa ni kwamba 1HZ ikigoma porini, fundi mwenye spana na masikio mazuri anaweza kuiamsha kabla ya giza. Tulipokuwa watoto tuliitambua kwa mlio ikiwa bado ng'ambo ya mlima, na tulibishana kama inapanda kwa gia ya kwanza au ya pili.

Na kusanifu upya tunakujua. Moto mpya, TVS au Boxer, ikifika haianzi kazi moja kwa moja, inapelekwa kwanza kwa fundi wa kuchomelea. Anaweka keria ya chuma kinene nyuma, anaikaza kwa vyuma viwili vinavyoshuka hadi kwenye fremu, anaongeza vyuma vya mbele vya kukinga injini na mguu wa dereva, anaimarisha springi. Akimaliza, ile moto iliyoundwa India kwa watu wawili iko tayari kwa baba, mama, mtoto na gunia. Motari, madereva wa moto, wanazunguka, wanagonga vyuma kwa vidole, wanatazama mshono wa kuchomelea. Fundi aliyeacha mshono wenye matundu atajadiliwa sokoni wiki nzima. Huo ndio uhakiki wa toleo jipya, na unafanywa na watu ambao maisha yao yataning'inia kwa mshono huo kwenye mteremko.

Chukudu, skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, nayo ni hivyo hivyo. Wageni wanaiona kama kichekesho cha mbao. Waliokulia Kivu ya Kaskazini wanajua kwamba kila mchongaji ana mkono wake: ubao mgumu kiasi gani, usukani uinamie wapi, mpira wa tairi kuukuu uzungushwe vipi kwenye gurudumu, na kile kipande cha mpira cha nyuma ambacho dereva anakikanyaga ili kiwe breki. Goma imeisimamishia sanamu katikati ya mji, na inastahili.

Basi nikaamua kuitafutia Camry mpya maoni ya nyumbani. Mjomba wangu aliendesha kamyo, yaani lori, miaka mingi kati ya Goma na Butembo. Siku hizi hasafiri. Waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, kisha Goma Januari 2025, na barabara aliyoijua shimo kwa shimo ikakatika mikononi mwa watu wenye silaha. Nilimtumia picha kwenye WhatsApp, za mbele, za nyuma, za ndani na za chini ya boneti, nikamwomba anipe hukumu kana kwamba analikagua gari ili alinunue. Alichukua jioni nzima kabla ya kunipigia.

“Mwipwa wangu,” alianza, “hili gari ni zuri, na usukani uko upande wetu.”

Hilo la usukani sikulitegemea, na ni la maana. Kongo tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya Goma yametoka Japani kupitia Mombasa au Dar es Salaam, usukani uko kulia, na dereva akitaka kulipita kamyo inabidi aliyeketi kushoto amchungulie njia. Camry ya Kentucky ina usukani kushoto. Wahakiki wote niliowasoma hawana sababu ya kuligusa jambo hilo, wakati kwa mjomba ndilo la kwanza, maana amezika wenzake waliopita kamyo kwa kubahatisha.

Kisha akauliza tumbo la gari liko juu ya ardhi kiasi gani. Nikamwambia halifiki shibiri moja. Akanyamaza. “Hapo basi ni gari la mjini,” akasema, bila dharau, akaendelea na maswali: kamba ya kuvutwa inafungwa wapi? Watu wangapi kwa kubanana? Na hiyo betri kubwa, ikifa, nani ataifungua?

Swali la betri lilinikalisha kimya. Huku Kentucky jibu ni rahisi: kuna dhamana, kuna karakana ya muuzaji, na mnunuzi wa kwanza huenda asiione siku betri itakapochoka. Ila gari haliishii kwa mnunuzi wa kwanza. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilihesabu mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Marekani na Japani, Afrika ikiwa mpokeaji mkuu. Camry za Marekani zimejaa Afrika Magharibi. Hizi za 2025 nazo zitavuka, zikiwa zimechoka, na atakayezipokea ni mtu anayefanana na mjomba wangu. Naamini maoni yake yana haki ya kuhesabiwa leo, wakati toleo lijalo lingali kwenye meza ya wahandisi na chombo cha kufungulia betri bado kinaweza kurahisishwa. Mafundi wa Nairobi na Kampala wameshajifunza kufungua betri za Prius za zamani na kubadilisha vipande vilivyokufa. Walijifunza kwa kubomoa na kujaribu, na umeme ule si wa kuchezea. Kitabu cha mafunzo cha Kiswahili kingewaokolea vidole na maisha.

Tena tunadai kwa haki. Rubaya, kule Masisi, hutoa takriban 15% ya tantali ya dunia kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Bisie, ndani ya Walikale yetu, ni moja ya machimbo makubwa ya bati duniani, na kampuni inayochimba ilibidi ikate barabara yake yenyewe porini ili mzigo utoke. Tantali na bati vinaingia kwenye vifaa vya elektroniki vya kila namna, na gari la siku hizi limejaa vifaa hivyo. Udongo wa teritwari yangu unasafiri hadi kwenye viwanda vya dunia, na Buleusa gari la watu watano halifiki. Sikubali kuambiwa kwamba hilo ni suala la kijiografia.

Kuhusu pua, mabishano makubwa kuliko yote hapa, mjomba aliongea mwishoni kabisa, nilipomuuliza mwenyewe. Alikuwa ameikuza picha ya mbele akaitazama ile mistari ya kulala kwenye mdomo wa chini. Taa hazikumshughulisha. “Mistari hii imebanana na iko chini mno,” akasema. “Dimbwi la kwanza tu, itaziba kwa tope. Sasa hewa ya kupoza rejeta itapitia wapi?” Akaniomba niwaulize walioichora.

Nimeandika swali lake kwa Kiingereza na kulituma Georgetown, pamoja na lile la betri.