Budapest, mji wa maswali ya ndiyo na hapana

Mgeni akialikwa nyumbani kwa familia ya Kihungaria jijini Budapest, haichukui muda baada ya chakula kabla hajasikia neno barkochba. Ni mchezo usiohitaji karata, kete wala ubao. Mtu mmoja anafikiria kitu kichwani: kiumbe, chombo, mtu maarufu, hata jambo lisiloshikika kama wivu au Jumatatu. Wengine wanamuuliza, naye anaruhusiwa maneno mawili tu: igen, yaani ndiyo, na nem, yaani hapana. Wahungaria wameuzoea hadi jina lake wakaligeuza kitenzi.

Jina lenyewe limetoka mbali. Simon bar Kokhba aliongoza uasi wa Wayahudi dhidi ya dola ya Roma kuanzia mwaka 132 hadi 135. Wahungaria husimuliana (ni hadithi tu, haina ushahidi wa kihistoria) kwamba alimtuma mtu kuipeleleza kambi ya Warumi. Mtu huyo akakamatwa, akakatwa ulimi na mikono. Aliporudi alikuwa na habari zote kichwani, lakini hakuweza kusema wala kuandika. Basi kiongozi wake akaanza kumuuliza maswali ya kujibiwa kwa kichwa, kuitikia au kukataa, moja baada ya jingine, mpaka akajua alichotaka kujua.

Ni chanzo cha kutisha kwa mchezo wa watoto, lakini kinaeleza vizuri tofauti yake na vitendawili wanavyotegeana watoto wa Afrika Mashariki. Kwenye kitendawili, anayetega ndiye anayesema. Wengine wakishindwa, wanampa mji na yeye anatoa jibu. Kwenye barkochba anayejua ni kama amefungwa mdomo. Kazi yote iko kwa anayeuliza.

Kuna jambo moja ambalo Mswahili angelipenda haraka. Kihungaria, kama Kiswahili, hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika neno la kumtaja mtu: wao wana ő, Waswahili wana yeye. Mwingereza anayefikiria mtu fulani huweza kuteleza na kutoa siri kwa neno moja dogo. Mhungaria hatelezi hapo, na Mswahili vilevile. Lazima swali liulizwe: ni mwanamke?

Kwa anayetaka kuufuata mchezo huu kwa miguu, pa kuanzia ni mgahawa wa Centrál, upande wa Pest, karibu na uwanja wa Ferenciek tere. Mwanzoni mwa karne ya 20 migahawa ya kahawa ilikuwa kama ofisi za waandishi wa Budapest. Walikaa humo kutwa, wakaandika, wakabishana, wakacheza. Simulizi za mji zinamtaja sana Frigyes Karinthy, mwandishi wa vichekesho aliyezaliwa mwaka 1887, kuwa mmoja wa wapenzi wakubwa wa barkochba.

Hapo Centrál, jioni moja ya Machi 1936, Karinthy alisikia garimoshi likiondoka kwa kishindo. Kisha jingine, na jingine. Mtaa huo hauna reli ya garimoshi. Kilichokuwa kikinguruma kilikuwa kichwani mwake: alikuwa na uvimbe kwenye ubongo. Yeye na madaktari wakaanza kutafuta, dalili baada ya dalili. Unatapika? Kichwa kinauma? Macho yanafifia? Utafutaji huo hautofautiani sana na barkochba, isipokuwa hapa kilichofichwa kinaendelea kukua wakati watu wanauliza. Mei mwaka huohuo alipelekwa Stockholm, Uswidi, akafanyiwa upasuaji na Herbert Olivecrona akiwa macho, kwa ganzi tu. Alipona, akaandika kitabu kizima kuhusu safari hiyo.

Dakika chache kwa miguu kutoka Centrál kuna mtaa mwembamba wa Reáltanoda. Mpitanjia asiyesoma vibao anaweza kuupita bila kujua kuwa humo kuna taasisi ya hisabati yenye jina la Alfréd Rényi, mwanahisabati aliyezaliwa Budapest mwaka 1921 na kufariki mwaka 1970. Rényi aliichukulia barkochba kwa uzito. Aliona kuwa swali zuri ni lile linaloyagawa yanayowezekana katika nusu mbili. Maswali 10 ya namna hiyo yanatosha kukitambua kitu kimoja kati ya 1,024. Maswali 20 yanatosha kwa vitu 1,048,576. Ndiyo maana anayeanza na “Je, ni paka?” hushindwa, na anayeanza na “Je, kina uhai?” hufika. Wamarekani nao walipeleka mchezo kama huu redioni mwaka 1946, kikomo kikiwa maswali hayohayo 20. Ulianzia kwenye meza ya chakula ya familia ya mtangazaji Fred Van Deventer.

Rényi akaongeza kikwazo kinachouleta mchezo karibu zaidi na maisha: itakuwaje ikiwa baadhi ya majibu si ya kweli? Hapo nusu kwa nusu haitoshi tena. Muulizaji analazimika kurudia, kuuliza jambo lilelile kwa njia nyingine, na kupima jibu kwa jibu.

Kuna nyumba nyingi, Budapest na kwingineko, ambako hakuna anayecheza lakini maswali haya yanaulizwa kila siku. Ni nyumba zenye mtu aliyepigwa na kiharusi, kikamwachia uhai kikamnyang'anya maneno. Wengi wao bado wanaelewa mengi wanayoambiwa, ila ulimi hautii. Ndugu wanaomhudumia kwa mapenzi huanza mara nyingi na paka wa Rényi: “Babu, unataka maji? Chai? Uji? Au unataka kulala?” Hayo ni maswali manne kwa pumzi moja, na kichwa kimoja cha kujibia. Mzee anatikisa kichwa, hakuna ajuaye amekataa lipi, na pande zote mbili zinakasirika.

Muulizaji wa barkochba angeanza kwa upana. “Babu, kuna mahali panauma?” Anasubiri. Hapana. “Unataka kitu?” Ndiyo. “Kiko humu chumbani?” Swali moja, kimya, jibu, kisha swali jingine. Ishara inakubaliwa mapema: kichwa, kidole gumba, kufumba jicho, lolote ambalo mwili wake bado unaliweza, na kila anayeingia chumbani aitumie hiyohiyo. Redio au televisheni izimwe kwanza. Sekunde kumi za kungoja ni ndefu kwa mwenye afya, lakini si kwa ubongo unaotafuta njia mpya.

Na kikwazo cha Rényi kiko humo ndani. Baadhi ya wagonjwa wa kiharusi huchanganya ndiyo na hapana bila kukusudia. Kichwa kinaitikia wakati moyo unakataa. Kwa hiyo wataalamu wa tiba ya usemi hupima kwanza kwa mambo yenye majibu yanayojulikana. Jina lako ni fulani? Tuko sokoni? Akijibu sawasawa, maswali mazito yanaweza kufuata. Akikosea, majibu yake kuhusu dawa au maumivu yasichukuliwe kuwa ya mwisho mpaka yaulizwe kwa namna ya pili, na mtaalamu aelezwe.

Njia hiyohiyo ilitumika mahali pagumu kuliko hapo. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya wagonjwa 54 waliokuwa wameumia ubongo vibaya, baadhi yao wakidhaniwa hawana fahamu kabisa. Wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, waliombwa wajifikirie wakicheza tenisi, au wakitembea nyumbani kwao. Watano waliweza. Kwa mmoja wao watafiti wakaenda mbali zaidi: tenisi iwe ndiyo, nyumba iwe hapana, au kinyume chake. Wakamuuliza mambo ya familia yake, likiwamo jina la baba yake, kisha wakalinganisha na ukweli. Alijibu sawasawa maswali matano kati ya sita. Kitandani, haikuwa imewezekana kuwasiliana na mtu huyo kwa namna yoyote.

Kutoka Reáltanoda, msafiri akielekea mtoni atafika Szabadság híd, daraja la chuma la rangi ya kijani lililofunguliwa mwaka 1896. Jioni za kiangazi vijana hupanda na kukaa juu ya vyuma vyake, miguu ikining'inia, Danube ikipita chini na tramu zikipiga kengele nyuma yao. Ng'ambo ni Buda. Mtaa wa Bartók Béla unaanzia hapo, na umbali mfupi mbele, namba 36, uko mgahawa wa Hadik, uliokuwa kituo kingine cha Karinthy na wenzake.

 Msafiri asiyejua Kihungaria anahitaji maneno mawili tu ili aingizwe kwenye mchezo, lakini ayafanyie mazoezi kwanza. Mgeni anayeyachanganya atawafanya wenzake waitafute nusu saa nzima treni ambayo kumbe ilikuwa twiga.